Kufundisha Ufunguo wa Gari Unaoulizwa Maswali

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha huuliza kama yafaa kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi mambo ya elektroniki ambayo hata watu wazima wengi huyaona kuwa fumbo. Jibu letu ni kwamba yafaa, mradi mwalimu alikwishakulipata wazo moja lililo kiini cha jambo lenyewe, na awe tayari kuyaacha mengine yote. Kwa mfano tumechagua ufunguo wa gari wenye chipu, pamoja na chombo anachotumia fundi kuutambulisha ufunguo huo kwa gari. Watoto huuona ufunguo huu mkononi mwa dereva kila siku, na huamini mambo mengi yasiyo kweli juu yake. Tena ndani yake mna swali linalomhusu mwalimu wa Sayansi na mwalimu wa Hisabati kwa pamoja: mtu awezaje kuthibitisha kwamba anaijua siri bila kuitamka?

Kama ilivyo ada, tuanze na kile anachokijua mtoto. Usiku mtu anapobisha hodi, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Mgeni akitaja jina tu, hajathibitisha kitu, kwa maana jina laweza kutajwa na yeyote aliyelisikia. Mwenye nyumba mwenye hadhari atauliza jambo ambalo ndugu wa kweli pekee analijua: yule mbuzi mweupe alizaa wangapi mwaka jana? Na akiwa na hadhari zaidi, kesho hatarudia swali lile lile, kwani huenda kuna mtu aliyejibanza nyuma ya ua akisikiliza. Mwalimu akilipata darasa likubaliane juu ya jambo hili, nusu ya somo imekwisha.

Ufunguo wa kawaida ni mithili ya mgeni anayetaja jina. Meno yake ndiyo jina lake, na yeyote awezaye kuyachonga meno kama hayo amekuwa mwenye gari. Tena kwa miaka mingi mwizi hakuhitaji hata kuchonga. Alivunja swichi ya kuwashia na kuunganisha nyaya. Ndipo watengenezaji walipobuni imobilaiza, yaani kifaa kinachoizuia injini isiwake mpaka kompyuta ya gari iridhike kwamba ufunguo uliomo ndani ya swichi ni wa gari hilo. Swichi yaweza kuzunguka na nyaya zaweza kuunganishwa, lakini kompyuta isiporidhika, injini haipati mafuta au cheche, au mota ya kuwashia haizunguki kabisa.

Jaribio la mapema la kuvutia lilifanywa na kampuni ya General Motors ya Marekani katika gari la Corvette mwaka 1986. Kwenye ufunguo kuliwekwa rizista ndogo, na gari lilipima kiasi inavyopinga umeme. Viasi vyenyewe vilikuwa 15 tu. Mwalimu na awaulize wanafunzi: mwizi akiwa na funguo 15 mfukoni, atajaribu mara ngapi kwa wingi? Kweli, gari lilikataa kujaribiwa tena kwa dakika kadhaa kila lilipopewa ufunguo usiokuwa wake, na hilo lilimchelewesha mwizi. Hata hivyo ufunguo ule ulikuwa bado unasema neno moja lile lile maisha yake yote.

Funguo zilizofuata zilipewa chipu. Chipu hiyo mara nyingi hutiwa katika kichupa cha kioo kidogo mfano wa punje ya mchele, au huzikwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo. Hapa mwalimu atakutana na kosa la kwanza la wanafunzi, nalo ni la watu wazima vilevile: kudhani kwamba chipu hiyo hutumia betri iliyomo katika ufunguo. Betri ile ni ya rimoti ya kufungua milango. Chipu ya imobilaiza hupata umeme wake kutoka katika gari lenyewe. Kuizunguka swichi kuna pete ya nyaya, nayo hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka sana, kwa kawaida mara 125,000 au zaidi kidogo ya 134,000 kwa sekunde. Katika chipu mna koili ndogo. Uga huo unapobadilika ndani ya koili, umeme kidogo huzaliwa, nao unatosha kuiamsha chipu ikajibu. Umbali wake ni sentimita chache tu.

Zana bora ya kulieleza jambo hili ni dainamo ya baiskeli. Igeuzwe baiskeli miguu juu, gurudumu lizungushwe, na taa iwake. Betri iko wapi? Haipo. Sumaku inazunguka karibu na koili, na umeme unapatikana. Mwalimu asisitize tofauti moja ili asipotoshe: katika dainamo ni sumaku inayozunguka, na katika gari hakuna kinachozunguka, ni umeme wa pete unaobadilika. Kwa mtoto wa shule ya msingi hiyo yatosha. Hatuoni faida ya kumtajia maneno mengine ya fizikia hapo.

Sasa twafika kwenye kiini, nasi twapendekeza kifundishwe kwa mchezo. Mwalimu achague wanafunzi watatu: mmoja awe Gari, wa pili Ufunguo, wa tatu Mwizi. Darasa zima likae kimya na kusikiliza pamoja na Mwizi.

Katika mzunguko wa kwanza, Gari na Ufunguo wapewe neno la siri kwa kunong'onezwa, tuseme "Kilimanjaro". Gari aulize, "Nani?" Ufunguo ajibu kwa sauti. Kisha Mwizi ajongee, aulizwe, naye bila shaka atasema "Kilimanjaro". Wanafunzi watacheka, na wana haki ya kucheka. Baadhi ya chipu za mwanzo zilikuwa hivyo hasa: zilitaja nambari moja kila zilipoamshwa, na aliyeweza kuisikia nambari hiyo aliweza kuiandika katika chipu nyingine.

Katika mzunguko wa pili, Gari na Ufunguo wanong'onezwe kanuni badala ya neno: zidisha kwa 7, kisha ongeza 4. Gari ataje nambari yoyote. Akisema 2, Ufunguo atajibu 18. Akisema 5, jibu ni 39. Mwizi aandike yote ubaoni. Halafu Gari amgeukie Mwizi na kumwuliza 10. Mwizi ana 18 na 39 mkononi, wala hakuna linalomfaa. Mwalimu asiharakishe hapa. Awaache watoto waone wenyewe kwamba majibu ya jana hayajibu swali la leo. Hivi ndivyo ufunguo wa kisasa ufanyavyo: gari hubuni nambari mpya kila mara, ufunguo huichanganya nambari hiyo na siri yake, na kurudisha jibu. Gari nalo hufanya hesabu ile ile kimoyomoyo na kulinganisha. Siri yenyewe haikutamkwa.

Kisha mwalimu awaulize kama Mwizi ameshindwa kabisa. Katika darasa lenye wanafunzi wepesi wa hesabu hakosi mmoja atakayegundua kwamba toka 2 hadi 5 kuna 3, na toka 18 hadi 39 kuna 21. Kwa hiyo kila moja limezaa 7. Na 18 ukitoa 14 hubaki 4. Jibu la 10 ni 74. Mwanafunzi huyo asikemewe kwa kuharibu mchezo. Amefanya kazi ile ile ambayo hufanywa na wataalamu wanaozipima kufuli za elektroniki.

Mzunguko wa tatu ndio wenye utamu. Kanuni ibadilishwe, na Ufunguo ajibu kwa kutaja tarakimu ya mwisho tu. Tuseme kanuni ni kuzidisha kwa 3 na kuongeza 8. Kwa swali la 2 hesabu ni 14, jibu ni 4. Kwa swali la 5 hesabu ni 23, jibu ni 3. Njia ya kutafuta tofauti sasa haionekani upesi, kwa sababu sehemu ya jibu imefichwa. Lakini kwa kuwa tarakimu ya mwisho pekee ndiyo inayotajwa, kuzidisha kwa 13 ni sawa na kuzidisha kwa 3, na hivyo kanuni zinazotofautiana ni 100 tu: cha kuzidishia ni kutoka 0 hadi 9, na cha kuongeza ni kutoka 0 hadi 9. Ziandikwe katika vikaratasi na kugawiwa darasa zima. Darasa la wanafunzi 50 litapata kanuni mbili kila mmoja, nazo ziwe zenye cha kuzidishia kimoja. Kila mtoto ajaribu zake kwa swali la kwanza: je, inatoa 4? Mikono 10 itanyooshwa. Wale 10 wajaribu swali la pili: je, inatoa 3? Utabaki mkono mmoja, na siri imepatikana. Mwalimu aangalie kwamba tofauti kati ya maswali yale mawili iwe 1, 3, 7 au 9. Ikiwa 2 au 5, kwa mfano, kanuni zaidi ya moja zitabaki na mchezo utavurugika. Yafaa kusema pia kwamba hili ni moja la masomo machache ambamo msongamano wa wanafunzi darasani ni msaada.

Mchezo huu haukubuniwa hewani. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wa maabara ya kampuni ya RSA, nchini Marekani, walitangaza kwamba wameishinda chipu ya Texas Instruments iliyotumika katika funguo za magari mengi, yakiwemo ya Ford. Siri ya chipu hiyo ilikuwa na tarakimu 40 za 0 na 1. Swali la gari lilikuwa na tarakimu 40 pia, lakini jibu lilikuwa na 24 tu, kama vile Ufunguo wetu alivyotaja tarakimu ya mwisho pekee. Watafiti wale walizisikiliza jozi mbili za swali na jibu, kisha wakazijaribu siri zote moja baada ya moja. Mashine moja ingechukua muda mrefu, kwa hiyo waliunganisha chipu 16 maalumu za kukokotoa na kugawanya kazi, sawasawa na darasa letu lilivyogawana vikaratasi. Funguo tano walizopewa kwa majaribio zilitoa siri zao kwa muda usiofika saa mbili.

Hapa mwalimu wa Hisabati apewe nafasi yake. Tarakimu moja ya 0 au 1 ina njia 2. Mbili zina 4. Tatu zina 8. Wanafunzi waendelee kuzidisha kwa 2 ubaoni. Kwa tarakimu 10 watafika 1,024, na kwa 20 watafika 1,048,576. Kwa 40 ni 1,099,511,627,776. Watastaajabu kwamba trilioni nzima haikutosha. Funguo mpya zaidi hutumia siri zenye tarakimu 128, ambazo idadi yake ikiandikwa kwa hesabu ya kawaida huwa na tarakimu 39. Hakuna mashine iwezayo kuzijaribu zote. Aliye na muda awape wanafunzi kazi ya kukadiria vikaratasi vya idadi hiyo vingejaza vyumba vingapi. Hawatamaliza, na ndilo lengo.

Sasa tuje kwenye chombo cha fundi. Watoto wengi, na madereva kadhaa, husema kwamba ni chombo cha "kuvunja" gari. Sisi twakifananisha na mshenga. Ufunguo mpya ukitoka dukani haulijui gari, wala gari haliujui. Lazima awepo wa katikati anayekubaliwa na upande wa wenye mji, apeleke habari, watu wajuane. Na baada ya hapo huondoka, mazungumzo yakaendelea bila yeye. Fundi hukiunganisha chombo na soketi iliyo chini ya usukani. (Soketi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya funguo. Nchini Marekani ililazimishwa katika magari ya toleo la mwaka 1996 na kuendelea ili kurahisisha ukaguzi wa mitambo inayopunguza moshi mchafu.) Kwanza chombo chenyewe huulizwa: kinataka nini, na kina ruhusa gani? Katika magari mengi fundi lazima aingize nambari ya siri ya gari lile. Katika mengine chombo huulizwa swali na kutakiwa jibu, kama ufunguo. Likiridhika, gari hufungua daftari lake la funguo. Ufunguo mpya huwekwa katika swichi, utambulisho wake huandikwa, na katika aina nyingi za chipu siri hupandikizwa ndani yake. Kisha daftari hufungwa.

Kwa hiyo usalama wote umehamia kwenye swali moja: nani anaruhusiwa kuwa mshenga? Watengenezaji wamelijibu kwa namna mbalimbali. Katika magari mengi ya Ford yaliyouzwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, dereva mwenye funguo mbili zinazotambuliwa aliweza kuuingiza wa tatu yeye mwenyewe bila chombo, hadi funguo 8 kwa jumla. Zile mbili zilikuwa mashahidi. Asiyekuwa nazo alihitaji chombo cha fundi, na katika aina nyingi gari lilimngojesha kama dakika 10 kabla ya kufungua daftari. Fundi mwenye haki aweza kunywa chai kwa dakika 10. Mwizi aliye kando ya barabara hana dakika hizo. Nchini humo pia lipo baraza liitwalo NASTF ambalo huwaandikisha mafundi wa kufuli waliochunguzwa, na kupitia kwake hupata nambari za siri kutoka kwa watengenezaji.

Mshenga akipatikana bila wazee kuulizwa, mambo huharibika. Karibu na mwaka 2012 nchini Uingereza wezi waliingia katika magari ya BMW, wakaunganisha chombo na soketi, wakautambulisha ufunguo mtupu na kuondoka na gari. Hawakuijua siri ya ufunguo wa mwenyewe; hawakuihitaji. Ilibidi kampuni itoe marekebisho. Mfano huu wanafunzi huuelewa mara moja baada ya mchezo, kwani wanaona kwamba Mwizi amepata njia ya kuandikwa daftarini kama Ufunguo wa pili.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Magari mengi yanayoteremshwa Dar es Salaam na Mombasa yalikwishatumika Japani, na mengine huja na ufunguo mmoja tu. Mwenye gari akiupoteza, hana shahidi hata mmoja wa kumpa fundi. Ndiyo maana huambiwa atengeneze wa pili wakati wa kwanza bado upo.

Twajua kwamba mzazi aweza kuja shuleni na kuuliza, "Mnawafundisha watoto wizi?" Swali hilo ni la haki, na mwanachuo asilidharau. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa akiandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi huko Ufaransa, alieleza kwamba mtambo mzuri wa siri ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hauleti hasara. Kinachopaswa kufichwa ni ufunguo, si ufundi. Chipu ya Texas Instruments ilikwenda kinyume: namna yake ya kukokotoa ilifichwa, na watafiti wakaigundua kwa kuiuliza maswali mengi. Si wote wanaokubali hoja hii. Mwaka 2013 kampuni ya Volkswagen iliiomba Mahakama Kuu ya Uingereza izuie utafiti uliofichua udhaifu wa chipu nyingine, iitwayo Megamos, usichapishwe, nayo mahakama ikazuia. Utafiti ule ulitoka mwaka 2015, ukiwa umeondolewa sentensi moja. Sisi twasimama upande wa Kerckhoffs, ila kwa shule ya msingi twaweka mpaka: mwalimu afundishe kanuni kwa nambari na vikaratasi, asifundishe matumizi ya chombo chochote kwenye gari la mtu. Na mzazi aonyeshwe upande wa pili wa hesabu. Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza katika magari mapya kuanzia Oktoba 1998, na wachumi waliochunguza Uholanzi walikadiria kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa kadiri ya asilimia 40 kati ya 1995 na 2008.

Juu ya rimoti tutasema machache. Nyingi hutumia nambari inayopanda kila kitufe kibonyezwapo, na gari hukataa nambari iliyopita. Mtambo mmoja maarufu wa namna hiyo, KeeLoq, ulibuniwa katika kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980, ukauzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995. Wanafunzi hupenda kusikia kwamba umetoka barani mwao. Ama zile funguo zinazobaki mfukoni gari likajifungua lenyewe, udhaifu wake ni mwingine: wezi wawili hupokezana mawimbi, mmoja karibu na gari, mwingine karibu na nyumba ya mwenye ufunguo, na gari hudhani ufunguo uko jirani. Hesabu hazikuguswa, umbali ndio uliodanganywa. Watafiti wa Zurich walilionyesha hilo mwaka 2011 kwa aina 10 za magari. Darasani latosha kuwatuma watoto wawili wapeleke mbio vikaratasi vya maswali na majibu kutoka chumba kimoja hadi kingine, Ufunguo akiwa hajui kwamba Gari hayupo mlangoni.

Katika kupima, tusiwaulize wanafunzi maana ya imobilaiza, wataikariri. Twapendekeza swali hili: gari lina funguo tatu, na mmoja umeangushwa sokoni. Fundi amefika na chombo chake. Mwenye gari amletee nini, naye fundi afanye nini? Jibu tunalolitaka ni kwamba funguo mbili zilizobaki ziletwe zote, kwa kuwa katika magari mengi fundi hufuta daftari zima na kuzitambulisha upya moja moja. Mwanafunzi mwenye kufikiri ataongeza kwamba aliyeuokota ule wa sokoni hataiwasha tena injini, lakini ataufungua mlango na kuchukua kilichomo ndani, kwa sababu meno ya ufunguo hayakufutwa. Huyo apewe alama zote.